Mpanda Iliwahi Mno Kufilisika

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiwe, wazee wa kahawa, na wewe wa bodaboda uliyezima injini ili unisikilize: itifaki imezingatiwa. Mimi ni Bingwa wa Moshi, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kuona Serikali inachelewa.

Mada ya leo ni kwa nini hewa ya ukaa ya nchi hupungua. Wasomi wa kawaida watawaambieni ni sera. Uingereza ilifunga mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Makofi! Lakini viwanda vyake vingi vilishakufa zamani, bidhaa zinaagizwa China, na moshi huandikiwa anayetengeneza, si anayetumia. Ni kama kujisifu jiko lako halifuki, kumbe ugali unapikiwa kwa jirani.

Njia ya pili ina heshima zaidi: kufilisika. Umoja wa Kisovyeti uliposambaratika mwaka 1991, viwanda vilizimika na moshi ukaporomoka bila mtu kupanda hata mche mmoja. Ikaja Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 (ambayo Marekani, tofauti na mimi, haikuizingatia), ikaziwekea nchi zile kikomo kwa kipimo cha moshi wa mwaka 1990, zilipokuwa bado zinafuka. Ile tofauti kati ya kikomo na moshi halisi ikawa mali ya kuuza. Wenyewe waliiita hewa moto. Mwaka 2009 Ukraini iliiuzia Japani tani milioni 30. Narudia, maana naona mzee pale umesinzia: iliuza moshi ambao haukutoka!

Sasa mji wetu huu, Mpanda. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa hapa mwaka 1950 kwa ajili ya risasi ya mgodi wa Mukwamba. Madini, si ya bunduki. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Miaka 37 kabla ya Kyoto, sisi tulishatekeleza! Kosa letu ni kuwahi. Wale wazungu wa mgodi wangevumilia hadi 1991, leo tungekuwa na hewa moto ya kunadi. Kuna kijana atasema Tanzania haikuwekewa kikomo Kyoto, kwa hiyo haikuwa na cha kuuza. Maswali ni mwishoni, na mwishoni nitakuwa na dharura.

Mtaniambia wenzetu wa vijiji vya Mwese na Lugonesi wanalipwa fedha za kaboni. Naam, wanatunza msitu wa Milima ya Ntakata, wenye sokwe, na kufanya doria porini. Hiyo ni kazi, nami sijabobea katika kazi. Je, bingwa wa kutofanya kitu analipwa na nani? Miaka 58 sijamiliki hata mashine ya kukoboa mpunga. Hesabuni moshi niliouokoa!

Andiko la mradi nimeshaliandika. Fomu za uanachama ni shilingi elfu mbili tu. Na wewe wa kahawa, ongeza mkaa, birika linapoa.