Kamera Inayongoja Tabasamu

Miongoni mwa sifa za kamera ndogo za bei mbaya, ile ya kupiga picha yenyewe mtu anapotabasamu haifai kupelekwa kwenye harusi ya pwani. Kitufe cha kupigia kipo palepale, lakini mtu aliyelipia kamera itumie akili yake haoni kwa nini atumie kidole chake. Kwa hiyo kamera husimamishwa kwenye stendi, ikaachiwa kazi.

Bi harusi akitolewa huketi macho chini, midomo imefumbwa, kama alivyousiwa na somo wake. Kamera humtazama, ikangoja. Mtandio hurekebishwa, vigelegele hupigwa, udi hufukizwa. Kamera hungoja tu. Nyuma ya kiti shangazi wa bwana harusi huangua kicheko, na hapo mashine hufyatua mfululizo. Picha za namna hiyo zilifunguliwa jana tu mbele ya ukoo mzima: shangazi meno yote nje, bi harusi akionekana bega la kushoto. Mama mtu akauliza kwa adabu nani hasa aliolewa.

Utaratibu wenyewe, hata hivyo, ni wa kustaajabisha. Mwaka 2001 Paul Viola na Michael Jones walichapisha njia ya kutafuta sura kwa kulinganisha mistatili ya mwanga na kivuli. Usawa wa macho huwa mweusi kuliko mashavu; mgongo wa pua hung'aa kuliko macho yaliyo kando yake. Kipande cha picha kikishindwa jaribio la kwanza hutupwa papo hapo, bila kusumbuliwa na majaribio mengine, na ndiyo maana hata kichakataji kidogo kiliweza kupekua picha nzima mara kadhaa kwa sekunde. Sura ikipatikana, programu nyingine hukagua kama pembe za midomo zimepanda na meno yameonekana. Baadhi ya kamera humpa mwenyewe achague: tabasamu dogo, la wastani au kubwa. Kiwango cha bi harusi anayetunza heshima ya kwao hakikuwekwa.

Ubaya ni kwamba hesabu za namna hii hutegemea sura zilizotumika kuifundisha mashine. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu zilizokuwa sokoni za kutambua jinsia kwa sura. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika hata asilimia 1. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Zile si programu za kamera za mfukoni, ila zinaonyesha nani huwekwa mbele ya mashine wakati wa kuifundisha na nani hukumbukwa wakati wa kuiuza. Hapo kicheko hukatika.

Kipima mwanga nacho kina itikadi yake: huamini kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni ya kijivu, kile cha kadi inayoakisi asilimia 18 ya mwanga. Kikielekezwa kwenye safu ya kanzu nyeupe, huzitia giza hadi zifanane na zilizofuliwa kwa maji ya mtoni. Kikielekezwa kwenye mabuibui, huyapausha. Dawa yake ni kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa: kanzu huongezewa mwanga, mabuibui hupunguziwa.

Kihisi, kile kinachonasa picha, nacho kina uongo wake: cha "inchi 1", kilichovuma kwa Sony RX100 ya mwaka 2012, kina milimita 13.2 kwa 8.8. Ulalo wake haufiki 16, ilhali inchi ni milimita 25.4. Inchi inayotajwa ni kipenyo cha mirija ya kioo ya kamera za kale za televisheni, ambayo sehemu yake ya kunasa picha ilikuwa kama theluthi mbili tu. Mirija ilikufa, kipimo kikarithiwa. Muuza mbao wa Kariakoo akipima hivyo, atafungiwa duka. Pamoja na hayo, eneo la kihisi hicho ni zaidi ya mara nne ya kihisi cha kawaida cha kamera ndogo za bei rahisi, na tofauti huonekana ukumbini taa zikipunguzwa.

Betri nyingi za kamera hizi hupiga picha mia mbili na ushee kwa chaji moja, basi.

Lenzi inayojikunja hunyonya mchanga wa ufukweni, na fundi, kabla ya kuifungua, huuliza kwanza kamera ilinunuliwa kwa bei gani.