Tume ya Penalti

Anayesema vijana wa Migwani wamekaa bure hajapita sokoni jioni wakati Tume inaketi. Hoja ni ileile ya Oktoba 24, 2004, Old Trafford: mshambuliaji Rooney aliguswa na beki Sol Campbell, au alijiangusha apate penalti? Mzee mmoja hulala vumbini, suti na yote, kuonyesha pembe ya goti. Uchunguzi gani mwingine nchini umedumu zaidi ya miaka 20 bila posho, bila faili hata moja kupotea? Hesabu za kisima, kwa kuwa ni jambo dogo, hupitishwa barazani kwa makofi. Nao kina mama wenye punda na mitungi huzunguka mbali, wasifute boksi la penalti lililochorwa mchangani.