Sifa za Ndoo ya Sarafu

Noti zimeshasifiwa vya kutosha. Mwaka 2024, Benki Kuu ya Rwanda ilipotoa noti mpya ya faranga 5,000 yenye jumba la Kigali Convention Centre, na ya 2,000 yenye mandhari ya Ziwa Kivu, nilimwona mwenye duka jirani yangu hapa Nyamirambo, Kigali, akiinyanyua moja juani. Akaigeuza, akaisugua kwa kidole gumba, kisha akaninyooshea niione, kama mtu anayeonyesha picha ya mchumba. Wakati huo mteja alikuwa kasimama akingoja chenji ya faranga 70. Mwenye duka akazitoa bila kuzitazama, hamsini moja na ishirini moja, akazitupa mezani, zikazunguka, zikalala. Hakuna aliyezinyanyua juani.

Basi leo nazitetea sarafu. Wala sisemi ile moja apewayo mtoto ili anyamaze; hiyo kila mtu anaipenda. Nasema sarafu zikiwa nyingi, ndoo nzima, zimebebwa kupelekwa benki. Hapo ndipo utukufu wao unapodhihirika, na hapo ndipo zinapochukiwa kuliko deni.

Nianze na nasaba, maana hasifiwi mtu bila kutajwa ukoo wake. Majina yetu ya mali tumeyaokota kwa wadogo. Pesa ni paisa ya Kihindi; katika rupia ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambamo Rwanda nayo ilihesabiwa, zilitakiwa pesa 64 kutimiza rupia moja. Mwaka 1904 Wajerumani wakabadili hesabu, rupia ikawa Heller 100, nasi tukapata neno hela. Warundi mpaka leo fedha kwao ni amahera. Wakongo wanasema makuta, na likuta ilikuwa sehemu moja ya mia ya zaire iliyoanzishwa mwaka 1967. Waganda wanasema ensimbi, yaani kauri, vile vigamba vya pwani vilivyokuwa vikitungwa kwenye uzi na kununulia mbuzi. Rupia ile, bwana mkubwa wao, imeishia kwenye makabati ya makumbusho. Vijana wake ndio waliorithi lugha. Kwa hiyo nikimsikia tajiri wa Nyarutarama akisema ana pesa, namsamehe. Anajisifu kwa jina la kitu ambacho suti yake haina mfuko wa kukibeba.

Sura nazo? Noti zina majumba na maziwa, mambo ya kutazamwa kwa mbali. Sarafu za Rwanda zilizochapwa mwaka 2003 zina chakula. Faranga moja ina mtama, kumi ina mgomba, ishirini ina kahawa, hamsini ina mahindi, tena hiyo hamsini ni chuma kilichopakwa nikeli, si mchezo. Ukijaza ndoo umejaza shamba. Faranga mia ndiyo yenye makuu, madini ya rangi mbili, ya mwaka 2007. Zamani mia ilikuwa karatasi. Wengine walisema imeshushwa cheo. Mimi nasema ilipandishwa, kwa sababu karatasi ile ilikuwa ikifika sokoni Kimironko imelegea kama jani la mgomba lililokwisha kufungia samaki, ilhali sarafu ikidondoka matopeni unaiosha, inarudi kazini.

Na pana jambo ambalo wachumi hawalisemi kwa sababu hawanunui mandazi. Noti ndogo kabisa tuliyonayo ni ya 500. Chini yake ni sarafu ya 100. Katikati hamna kitu: hamna 200, hamna 300. Ukinunua andazi la mia kwa noti ya mia tano, lazima urudishiwe sarafu, na kwa kawaida ni nne. Biashara yote ya asubuhi ya Kigali, andazi, kikombe cha chai, yai la kuchemsha, inapita kwenye tundu hilo.

Shangazi yangu anaishi kwenye tundu hilo. Anapika maandazi Biryogo, karibu na zile barabara zilizofungwa kwa magari, mahali ambapo wakati wa Wabelgiji paliitwa kambi ya Waswahili na ambapo Kiswahili hakikungoja sheria ya mwaka 2017 kukifanya lugha rasmi. Simu yake inapokea malipo, namba imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao. "Lakini mtoto wa shule hana simu," huniambia, "na mtoto wa shule ndiye anayekula." Wanakuja saa kumi na mbili na nusu, wamefumbata sarafu ndani ya viganja zikapata joto, wanazidondosha kwenye ndoo, wanaondoka na mafuta vidoleni. Ndoo ni ya rangi ya nyumba, na kifuniko chake bado kina tone la bluu.

Ilipojaa, baada ya miezi minne, akanipigia simu. "Njoo, mwanangu, zimeanza kunitazama."

Usiku tulizimwaga mkekani. Mjukuu wake wa miaka sita alipewa heshima ya kutenga za hamsini, mimi za mia, yeye mwenyewe zile ndogondogo asizomwamini mtu nazo. Mikono ikawa myeusi. Harufu ya sarafu nyingi ni harufu ya kipekee: mafuta ya kukaangia, jasho, na kitu kama maji ya bomba asubuhi. Tulipomaliza alisema jumla ni faranga 186,400, akaiandika ukutani kwa mkaa, mahali anapoandika madeni.

Sasa kuzibeba. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, jambo jema kwa mitaro na ng'ombe, lakini aliyetunga sheria hakuwa na ndoo ya sarafu. Mwaka mmoja nyuma shangazi alijaribu mifuko ya kaki, ile ya kutilia mkate. Ya kwanza ilipasuka mlangoni mwa benki. Anasema watu wote waliinama kwa pamoja, kama wanasali, akarudishiwa kila faranga, na hapo akaelewa kwa nini watu wanasema Kigali ni mji wa amani. Tangu siku hiyo ni ndoo tu. Motari, yaani dereva wa pikipiki, aliyemchukua shangazi nyuma yake na ndoo katikati yao, alisikia mngurumo kila alipopita tuta, akauliza kama tumebeba misumari. Mimi nilifuata kwa pikipiki nyingine, nikiusikia mji ukipigwa kayamba kutoka Biryogo mpaka katikati.

Tufikirie usalama. Mwizi wa kupitia simu anaweza kukufilisi amelala kitandani kwake. Mwizi wa noti anaingiza milioni kwenye soksi. Lakini mwizi wa ndoo ya sarafu lazima awe na mgongo imara, lazima aende polepole, na lazima akubali kutangazwa kila hatua. Sijawahi kusikia mtu kama huyo.

Mlangoni mwa benki, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa bado tunaihitaji, askari alipitisha kile kijiti chake cha kukagulia chuma juu ya ndoo. Kijiti kikalia, kikaendelea kulia, askari akakitikisa akidhani kimeharibika. Akafungua kifuniko.

"Ibiceri?" aliuliza, yaani sarafu.

"Ibiceri, mwanangu," alisema shangazi. "Na vyote ni vya halali."

Foleni ya gishe, yaani dirisha la mhudumu, ilikuwa ya watu saba. Wenye busara walitazama ndoo, wakatazama saa, wakahamia gishe ya pili. Wengine walibaki kwa matumaini. Dada wa gishe alikuwa kijana, kucha zake zimepakwa rangi ya zambarau vizuri kabisa, na nilimwona akizitazama kwanza yeye mwenyewe kabla ya kuitazama ndoo, kama mtu anayewaaga wageni.

"Mama, hizi zote ni zako?"

"Za wanafunzi, binti yangu. Mimi nazitunza tu."

Akaanza. Minara ya kumi kumi, mistari ya minara kumi. Kwenye gishe ya jirani mashine ya noti ilikuwa ikinguruma, milioni mbili kwa muda wa kunywa funda moja la chai, na mwenye milioni mbili akasukumiwa bodero, ile hati ya benki, akatia saini, akaondoka bila mtu kukumbuka uso wake. Kwetu palikuwa na ukimya wa msikitini. Tik, tik, tik. Mnara wa kumi na nne ulianguka ukabomoa wa kumi na tano na wa kumi na sita. Dada alifumba macho kidogo, akaanza upya mstari ule.

Bwana mmoja nyuma yetu, mwenye tai, alisema kwa sauti iliyokusudiwa kusikika kwamba nchi za watu zina sheria za mambo haya. Ni kweli, zinazo, na nafurahi kumtajia. Uingereza, kwa sheria ya sarafu ya mwaka 1971, hulazimiki kupokea sarafu za peni moja na mbili zikizidi peni 20 katika malipo ya deni. Kwenye nchi za yuro, hakuna anayelazimika kupokea zaidi ya sarafu 50 kwa malipo mamoja. Kanada iliacha kuchapa senti moja mwaka 2012, Marekani ikafuata Novemba 2025, kwa kuwa kuitengeneza kuligharimu kuliko thamani yake. Lakini hebu tafakari: dola kuu, zenye meli za kivita, zimekaa bungeni zikatunga sheria ya kujikinga na kitu kinachotosha ndani ya kiganja cha mtoto. Sijaona sifa kubwa kuliko hiyo. Noti haijamtisha mbunge yeyote.

Hata hapa kwetu zinasukumwa pembeni. Zamani konda wa twegerane, ile basi ndogo, aligonga ubavu wa gari kwa sarafu na dereva akaelewa kama ni kusimama au ni twende. Sasa basi lina kadi. Unaigusisha kwenye mashine, inalia mara moja, na inakata nauli mpaka faranga ya mwisho, faranga mojamoja ambazo sokoni ukimpa mtu atadhani unamtukana. Machi 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, benki kuu iliondoa kwa muda ada za kutumiana fedha kwa simu, na watu wengi wakaona noti zenyewe ni uchafu, seuze sarafu. Nakubali kwamba ni rahisi. Mimi mwenyewe nalipa kwa simu, na hilo linanitia aibu kidogo ninapoandika sifa hizi.

Ila niliposimama pale nikitazama minara, niliona kitu ambacho simu haiwezi kukionyesha. Sarafu ya mia ni andazi moja. Si mfano wa andazi. Ni lenyewe, lililokandwa saa tisa usiku, likakatwa, likageuzwa mara moja mafutani, likaliwa na mtoto fulani aliyekuwa na haraka. Faranga zikija benki kwa simu, huja namba, na namba haina mikono. Zikija kwa noti, mia kumi za watu kumi zimeyeyushwa kuwa karatasi moja isiyomjua yeyote. Zikija kwa ndoo, kila mmoja kaja mwenyewe, na benki inalazimika kumshika kila mmoja kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, hata kama kidole kina rangi ya zambarau. Yale ambayo shangazi alifanya kwa miezi minne, benki ilikuwa inayafanya upya mbele yetu kwa asubuhi moja, na ilikuwa inachoka. Kusema kweli nilifurahi ilivyokuwa inachoka. Bwana wa tai naye alikuwa anachoka, ingawa yeye hakukanda unga.

Saa tano kasorobo dada alinyoosha mgongo. Za mia 1,204. Za hamsini 1,103. Za ishirini 412. Za kumi 256. Jumla faranga 186,350.

"Mia nne," alisema shangazi.

"Mama, ni mia tatu na hamsini."

"Binti yangu, nimeandika ukutani."

Foleni ilitoa pumzi moja ndefu. Dada angeweza kukasirika, na nisingemlaumu. Badala yake alitazama ile minara ya hamsini, mia moja na kumi na sarafu tatu pembeni, akavuta kiti karibu, akaihesabu tena yote, mnara kwa mnara, akiigusa kila mmoja kichwani. Askari aliinama chini ya meza. Bwana wa tai, sijui ni nini kilimpata, alinyanyua viatu vyake kimoja kimoja akakagua soli. Haikuonekana. Shangazi akatia saini 186,350 kwa uso wa mtu anayezika jamaa kwenye ugeni, akamwambia dada, "Mungu akulinde macho," akachukua ndoo yake tupu.

Njiani motari hakusikia kitu safari hii, hakuuliza kitu. Tulipofika nyumbani mjukuu alikuwa uvunguni mwa kitanda, miguu tu ndiyo inayoonekana, akiongea peke yake. Shangazi akamvuta kwa kifundo cha mguu. Mkononi alikuwa na spika ya redio iliyokufa zamani, ile sumaku yake ya mviringo nyuma, akaitikisa kwa fahari atuonyeshe kwamba haidondoki, na juu ya sumaku, imeng'ang'ania, mahindi yametazama juu, ilikuwa faranga hamsini.