Shujaa wa Njia ya Machame

Njia ya Machame humpitisha mgeni msituni, nyanda za Shira, mnara wa lava na ukuta wa Barranco, hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Yeye kabeba chupa ya maji na fimbo mbili. Mpagazi, aliyekwisha kumpita zamani, kabeba hema, viti, mtungi wa gesi na choo cha huyohuyo shujaa. Tangu 2022 intaneti ya kasi imefika mlimani, basi dunia haicheleweshewi habari: bwana mkubwa ameushinda Kilimanjaro "peke yake". Kwenye lango la Mweka anakabidhiwa cheti. Mpagazi hapewi, yeye hakushinda kitu, alikuwa kazini tu. Wiki ijayo anapandisha choo cha shujaa mwingine.