Sifa za Faili la Kaki

Washairi wameusifu mwezi, wameisifu minazi, wameyasifu na macho ya wapenzi wao. Wahubiri huisifu subira, na wanasiasa hujisifu wenyewe. Lakini faili la kaki, lile linalobeba karatasi za kuomba kuasili mtoto, halijapata hata ubeti mmoja. Hiyo ni dhuluma, nami nimesimama leo kuiondoa.

Anayesifiwa huanza kutajiwa ukoo, na faili hili halikuokotwa jalalani. Limetokana na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara. Hulelewa katika Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya wilaya, likapanda hadi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na likijaliwa maisha marefu hufika Mahakama Kuu. Si Mahakama ya Mwanzo, wanakoshtakiana watu kwa kuku na matusi. Mahakama Kuu, wanakosomewa hukumu wauaji! Ni raia wangapi waliowahi kusimama mbele ya jaji kwa sababu tu wanataka kumnywesha mtu uji?

Fadhila yake ya kwanza ni adabu. Faili hili linajua wakubwa. Halianzii kwa waziri, linaanzia kwa mjumbe, ambaye anakujua tangu ulipohamia mtaani na deni lako la mchango wa ulinzi shirikishi bado analikumbuka. Mjumbe akiridhika, unakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa mtendaji. Mtendaji yuko kwenye semina. Akirudi, mhuri umefungiwa kabatini, na ufunguo anao mwenzake, naye yumo semina nyingine. Wenye haraka huita huo usumbufu. Mimi nasema ni elimu ya uraia, na hutolewa bila ada. Kuna wasomi wa sayansi ya siasa wasiojua serikali yao ina milango mingapi. Mwombaji wa kuasili anaijua yote, na benchi la kila mlango ameshalikalia.

Fadhila ya pili ni kwamba faili humrudisha mtu kwenye nafsi yake. Wengi wetu tuliozaliwa vijijini hatukuwahi kuhangaika na cheti cha kuzaliwa. Tulizaliwa mwaka wa mvua kubwa, ikatosha. Faili linakataa mvua. Linataka cheti cha RITA, na ili ukipate unaanza kusaka cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, na shangazi anayekumbuka. Hapo ndipo unapogundua kuwa ubatizoni ulikuwa Yohane, shuleni Yohana, na kwenye cheti cha ndoa ni John. Unakwenda kwa wakili, unaapa mbele yake kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja, naye ni wewe. Kuna waliofunga na kusali miaka mingi wakitafuta umoja huo wa nafsi. Wewe umeupata kwa hati ya kiapo na mhuri mwekundu.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nawe utazikariri zote bila kutaka. Utajua pia akaunti yako ya benki inavyoonekana machoni pa mtu mwingine, jambo ambalo hata mwenzi wako hakuwahi kuruhusiwa kuliona. Daktari atakuandikia kuwa u mzima. Polisi watachukua alama za vidole vyako vyote, watafute kama viliwahi kuiba, kisha wakupe cheti cha tabia njema. Na jirani yule anayekusema kwa ubahili kila kikao cha mtaa, ukimwomba awe mdhamini wako, ataandika kwa mkono wake kwamba u mkarimu na mpenda watu. Nani mwingine angemtoa maneno hayo kinywani?

Fadhila ya tatu ni kutukumbusha kwamba dunia hupita. Karatasi za faili hili huzeeka kama ndizi mbivu: ukipata ya mwisho, ya kwanza imeshaharibika. Barua ya mwajiri ni ya mwaka jana, ianze upya. Taarifa ya benki imepitwa na wakati. Picha za pasipoti zinaonyesha kichwa chenye nywele, na mwenye kichwa hana tena. Unarudi kwa kijana wa steshenari, ambaye sasa mmekuwa ndugu, naye anakuambia umeme umekatika.

Wapo wapinzani wa faili, na hoja yao nitaitaja kwa haki. Wanauliza: mbona wanaozaa hawaulizwi kitu? Kweli. Kijana wa miaka kumi na tisa anaweza kupata mtoto bila barua ya mtendaji, bila mdhamini, bila senti benki, na hospitali ikampongeza. Anayetaka kuasili, sheria inamtaka awe ametimiza miaka 25 na awe amemzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Afisa ustawi atafika nyumbani kwake, atazame mtoto atalala wapi, aulize nani atabaki naye mchana. Atapewa kwanza kipindi cha kuishi na mtoto chini ya uangalizi, ndipo jaji aamue. Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Serikali imewasikia nusu, ikamkagua yule tu asiyekuwa na mimba.

Nakubali hoja hiyo, na naigeuza kuwa sifa. Mtoto wa kuasili ndiye peke yake mtaani ambaye wazazi wake wamethibitishwa na polisi, daktari, benki, mjumbe, mwenyekiti na mtendaji, kisha jaji akapitia kazi yao wote. Sisi wengine tulikabidhiwa kwa wazazi wetu kwa imani tu.

Tena tazameni upande wa pili wa faili, zilipo karatasi za mtoto mwenyewe. Aghalabu ya kwanza ni taarifa ya polisi: ameokotwa, mahali fulani, saa fulani. Inayofuata ni barua ya makao ya watoto. Hapo utani wangu unapungua. Mihuri yote ile iliyotuchosha imewekwa kwa sababu mtoto anaweza kuibwa, anaweza kuuzwa, anaweza kuwa na mama anayemtafuta wilaya ya pili. Ndiyo maana sheria hutaka ridhaa ya wazazi wanaojulikana, hukataza malipo, na humtaka mtoto mwenye uwezo wa kusema asikilizwe. Mlango ukiwa mwepesi kwako, ni mwepesi pia kwa mwizi.

Wahenga wetu wafanyabiashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto naye ni hivyo. Tuna desturi nzuri ya kulea watoto wa ndugu bila karatasi, na wengi wetu tumekulia kwa mjomba au kwa bibi. Desturi hiyo haiyumbi mpaka siku mlezi anapozikwa. Arobaini haijafika, kikao cha ukoo kimekaa, na baba mdogo aliyekuwa hajulikani alipo wakati wa ada za shule anasimama kusema huyu si damu yetu. Hapo machozi ya mtoto hayasaidii, na ushahidi wa majirani unageuka maneno. Lakini palipo na amri ya Mahakama Kuu, na jina likiwa limeingizwa katika rejista ya watoto wa kuasili kwa Msajili Mkuu, sheria humhesabu kama aliyezaliwa na marehemu. Kwa Waislamu mirathi ina utaratibu wake, na mlezi huweza kumwachia mtoto wasia usiozidi theluthi. Nao pia, jamani, huandikwa.

Baba mdogo ataomba kuona ushahidi. Apewe faili, alisome lote, tangu barua ya mjumbe.

Kwa hiyo ukiambiwa urudi Jumatatu na kopi tatu, usinung'unike. Toa nne.