Mhakiki wa Barazani

Tangu mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Nobel ya fasihi, yuko bwana mmoja mtaani kwetu, mwenye kofia ya viua na kauli nzito, ambaye kila baada ya sala ya alasiri hutuhutubia barazani juu ya ufasaha wa riwaya ya Paradise, iliyotoka 1994, ilhali nakala yake ya Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ingali ndani ya nailoni ya dukani, nayo, alhamdulillahi, haina hata alama ya kidole. Tawasifu huzipekua kurasa za picha tu, akitazama nani kasimama ubavuni mwa nani. Ama muziki, singeli kwake ni makelele matupu, illa usiku wa harusi ya mpwawe, ambapo ni yeye aliyemwamrisha mpiga santuri aongeze sauti.