Mashine Inayoitika Bila Kuitwa

Mashine ya CNC yenye kelele za umeme haikusumbui unapochonga vipande vya majaribio. Husubiri mninga. Umeshachonga dakika arobaini, ua limeanza kuonekana, friji ya jirani inajiwasha, na spindo inasimama pale pale. Kwenye skrini GRBL, programu inayoiongoza mashine, inaandika ALARM:1, yaani swichi ya ukomo imegongwa. Unatazama: mashine ipo katikati ya meza, mbali na kila swichi. Imeitika, na hakuna aliyeiita.

Hatua ya kwanza ni kutonunua kitu. Najua duka la vifaa lipo karibu na zile feraiti nyeusi za kuvisha kebo zinavutia. Ziache kwanza. Kaa chini ujiulize swali moja, na ulirudie katika kila hatua itakayofuata: mkondo huu unarudi nyumbani kwa njia gani? Kelele nayo ni mkondo, na mkondo lazima urudi ulikotoka. Usipouwekea barabara, utapita shambani kwako.

Shamba lenyewe ni waya wa swichi ya ukomo. Kwenye Arduino Uno, bodi inayobeba GRBL, waya ule hushikiliwa kwenye volti 5 na rezista iliyo ndani ya chipu, yenye kilo-omu kati ya 20 na 50. Chukua 40: swichi ikifunga, mkondo unaopita ni miliampia 0.125. Ni mnong'ono. Na sisi, kwa kupenda unadhifu, tumeulaza mnong'ono huo kwenye mfereji mmoja wa plastiki na kebo ya spindo.

Sasa mtazame jirani yake. Inveta ya spindo, ile mafundi wanayoiita VFD, huchukua umeme wa volti 230, ikaugeuza kuwa mnyoofu wa volti 325 hivi, kisha ikaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde. Kila mkato unaweza kumalizika ndani ya mikrosekunde moja au chini yake. Nyaya mbili zilizolala ubavu kwa ubavu ni kapasita, hata kama hakuna aliyekusudia. Tuseme pikofaradi 50. Piga hesabu: kila mkato unasukuma miliampia 16 kwenye waya wa swichi, zaidi ya mara mia moja ya mnong'ono wako. Ni kwa kitambo kidogo mno, lakini chipu inayokwenda kwa megahezi 16 haikosi kitambo hicho.

Ndiyo maana tiba ya kwanza ni kuwatenganisha. Kebo ya spindo upande mmoja wa mashine, nyaya za swichi upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zipishane kama njia panda, kwa pembe ya nyuzi 90, kila moja iendelee na safari yake. Waya wa swichi na waya wake wa kurudi zisokotwe pamoja kama kamba, ili kelele ya sumaku inayougusa mmoja iuguse na wa pili kwa kiasi kile kile. Kazi hii ni ya jioni moja na haina gharama, na mimi ningeifanya hata kwenye mashine ambayo bado haijalalamika.

Kisha ongeza sauti ya ujumbe wako. Weka swichi ya aina inayokaa imefunga na kufunguka inapogongwa, kisha uiambie GRBL kwa $5=1. Waya uliofungwa hadi kwenye graundi ni mgumu kusukumwa, na ukikatika mashine itajua. Ongeza rezista ya kilo-omu 1 hadi volti 5, na ujumbe unakuwa miliampia 5. Ukiweza, tumia volti 24 na optokapla, kipande kinachopitisha ujumbe kwa mwanga, na sasa unazungumza kwa miliampia 10 au karibu yake.

Kapasita ya nanofaradi 100 kutoka pini ya bodi hadi graundi ndiyo chujio. Wengi huiogopa wakidhani itachelewesha swichi. Ikiwa na rezista ya kilo-omu 1, inachelewesha kwa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mashine inayokwenda milimita 1,000 kwa dakika husogea chini ya milimita 0.002 ndani ya muda huo. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo mara nyingi.

Kuhusu ethi nazungumza bila mzaha wowote. Waya wa kijani na njano utoke kwenye inveta, kwenye mwili wa spindo na kwenye fremu, kila mmoja kwa njia yake, ukutane na wenzake kwenye kipande kimoja cha shaba, kisha uende ardhini. Plagi kuwa na pini tatu si ushahidi. Karakana yangu ilisumbuka wiki nyingi kwa sababu ndani ya ekstensheni ule waya wa tatu haukuwa umefungwa popote. Mkondo wa kelele ulikosa barabara, ukapita kwenye USB hadi kompyuta. Mwite fundi umeme mwenye kipimo apime. Na usifungue inveta mara tu unapoizima. Kapasita zake hubaki na umeme unaoua, hivyo subiri muda ulioandikwa kwenye kava.

Kebo yenye wavu wa shaba huwachanganya watu. Wavu wa kebo ya spindo ufungwe ncha zote mbili, kwa kibano kinachoukumbatia mzunguko mzima, kwa sababu ndiyo barabara ya kurudi kwenye inveta. Wavu wa kebo ya swichi ufungwe upande wa bodi tu.

Yote yakishafungwa, chonga hewa. Ondoa bito, washa spindo, endesha kazi ile ile ndefu kwa saa nzima. Washa friji, zima friji, washa feni, chomeka gurainda na uiwashe. Kama mashine imefika mwisho wa ua bila kuitika, nenda kachukue ule mninga.